Jina Juu ya Makala: Mwanafunzi wa Magamba, Daktari wa Yambuku na Maadili ya Majarida ya Sayansi



Hapa Kibenga, kusini mwa jiji la Bujumbura, jioni isiyo na ukungu huiona milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, karibu kana kwamba mtu angeweza kuigusa. Mwezi Agosti 2019 ukaribu huo ulikuwa na maana nyingine. Ebola ilikuwa ikiua watu Kivu Kaskazini na Ituri, na pale Gatumba, kwenye mpaka wetu na Kongo, wahudumu wa afya wa Burundi walianza kuchanjwa. Sote tuliuliza swali moja: je, ugonjwa utavuka? Wachache waliuliza swali la pili: maarifa haya ya chanjo na dawa yametoka wapi, na ni majina ya nani yaliyoandikwa juu yake?

Leo nataka tulishike swali hilo la pili. Ni swali la sayansi, lakini pia ni swali la uraia. Ibara ya 27 ya Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inasema kwamba kila mtu ana haki ya kulindiwa maslahi yake, ya heshima na ya mali, yatokanayo na kazi ya sayansi, fasihi au sanaa aliyoitunga yeye. Tumezoea kuzungumzia haki ya kupiga kura na haki ya kusoma. Haki ya kutajwa hatuizungumzii sana, labda kwa sababu anayenyimwa haki hiyo mara nyingi hayupo mahali ambapo kazi yake inasomwa.

Tuanze na neno lenyewe. Jarida la kisayansi ni chapisho linalotoka kwa vipindi, ambamo wataalamu huandika matokeo ya uchunguzi wao ili wenzao wayasome, wayapime na wayarudie. La kale zaidi miongoni mwa yale yanayochapishwa hadi leo lilianzishwa London mwezi Machi 1665. Linaitwa Philosophical Transactions, na mhariri wake wa kwanza alikuwa Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society. Kabla ya hapo wagunduzi wengi waliogopa kusema walichokiona, wasije wakaporwa. Jarida liliwapa mapatano: toa hadharani unachokijua, nasi tutaandika jina lako na tarehe, ili kila mtu ajue kwamba ni wewe uliyetangulia. Kwa hiyo tangu mwanzo jina juu ya makala halikuwa pambo. Lilikuwa malipo ya mgunduzi, na pia dhamana yake, maana aliyeandika jina lake ndiye wa kuulizwa ikiwa maneno yake si kweli.

Kutokana na mapatano hayo yamekua maadili ya uchapishaji, ambayo naweza kuyafupisha kwa mambo matatu. La kwanza, matokeo yaandikwe kama yalivyoonekana, si kama yalivyotamaniwa. La pili, majina yawe ya kweli: asiongezwe asiyefanya kazi, wala asiachwe aliyeifanya. La tatu, kazi iwe wazi kukosolewa, hata baada ya kuchapishwa. Nchi zetu za Afrika Mashariki na Kongo zina historia inayoyaeleza mambo haya vizuri kuliko kitabu chochote cha kanuni. Inaanzia katika jiko la shule, huko Tanganyika.

Maziwa ya moto

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakachanganya na sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka ndani ya jokofu la kugandishia. Nafasi ilikuwa haba. Siku moja mwenzake mmoja aliamua kutochemsha maziwa yake ili awahi nafasi. Mpemba, akiona kwamba akisubiri yapoe atakosa pa kuyaweka, aliyaingiza yakiwa bado moto. Baada ya saa moja na nusu walifungua: ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza, lakini hakusahau. Baadaye alikutana na rafiki aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, akasikia kwamba yeye pia huweka mchanganyiko ukiwa moto kwa kuwa huganda upesi zaidi. Maarifa yalikuwepo mtaani, kwa wachuuzi, bila jarida wala jina.

Alipofaulu na kwenda Shule ya Sekondari ya Juu Mkwawa, Iringa, alisoma kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu wa huko alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Maneno hayo yakawa mzaha wa darasa zima. Kila alipokosea hesabu, wenzake walisema ni hesabu za Mpemba. Hata hivyo, siku alipopata nafasi ya kuingia maabara ya biolojia alijaribu kwa maji, na akaona alichokuwa amekiona kwa maziwa.

Kisha mgeni alikuja. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, alialikwa na mkuu wa shule azungumze kuhusu fizikia na maendeleo ya taifa. Wakati wa maswali Mpemba alisimama. Aliuliza kwa nini, ukichukua vyombo viwili vyenye kiasi sawa cha maji, kimoja chenye nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka ndani ya jokofu, kilichoanza na nyuzi 100 huganda kwanza. Wanafunzi wenzake walicheka. Baadaye walimwambia amewaaibisha mbele ya mgeni.

Osborne hakuwa na jibu, tena alidhani kijana amekosea. Lakini alimuuliza kama kweli amejaribu, akaahidi kwamba atajaribu yeye pia akirudi Dar es Salaam. Alitimiza ahadi hiyo. Fundi wa maabara aliyepewa kazi alirudi na taarifa kwamba maji yaliyoanza moto yaliganda kwanza kweli, kisha akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Tusimame hapa kidogo, maana maneno ya fundi yana funzo kubwa. Kurudia jaribio ni wajibu wa mwanasayansi. Kurudia jaribio mpaka lilete jibu ulilokuwa nalo kichwani ni kosa, hata kama hujabadilisha tarakimu moja. Fundi hakuwa mwongo; alikuwa na imani kubwa mno katika kitabu. Na Osborne, badala ya kulificha jambo hilo, aliliandika hadharani na kuonya juu ya hatari ya fizikia inayofundishwa kwa amri.

Mwaka 1969 makala ilitoka katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education. Kichwa chake kilikuwa neno moja la Kiingereza lenye alama ya kuuliza: Cool? Juu yake yaliandikwa majina mawili, na la kwanza lilikuwa la Mpemba, ambaye wakati huo alikuwa akisoma katika Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, Mweka, karibu na Moshi. Sehemu ya kwanza ameieleza Mpemba kwa maneno yake mwenyewe: maziwa, mwalimu, mzaha, swali. Sehemu ya pili ni ya Osborne, yenye vipimo vya maabara.

Angalia mambo ambayo Osborne angeweza kufanya bila mtu yeyote kumlaumu. Angeweza kuandika peke yake na kusema kwamba mwanafunzi mmoja aliuliza swali. Angeweza kumshukuru Mpemba katika mstari wa mwisho. Ulimwengu ungeliita jambo hilo kwa jina la Osborne, nasi tusingejua kwamba lilianzia Lushoto. Aliyekuwa na maabara, cheo na lugha ya jarida alichagua kusema ukweli juu ya nani aliona nini. Kwa sababu hiyo, hadi leo wanafizikia duniani huliita jambo hilo athari ya Mpemba.

Je, Mpemba alikuwa sahihi? Hapa ndipo maadili ya tatu yanapoingia. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha katika Scientific Reports majaribio ambayo hayakuipata athari hiyo katika maji, wakaonyesha kwamba hata tofauti ya sentimita moja katika mahali pa kipimajoto inaweza kudanganya jicho. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, nchini Kanada, walichapisha katika Nature jaribio la punje ndogo sana ndani ya maji ambamo kilicho moto kilipoa kwanza kwa hakika. Mjadala unaendelea. Hili halimpunguzii Mpemba heshima. Wote hawa wanabishana naye kwa jina lake, na huwezi kubishana na mtu ambaye jina lake limefutwa.

Damu katika chupa ya chai

Sasa turudi upande wa pili wa mpaka wetu, kwenye kisa ambacho jina halikuandikwa.

Mwezi Septemba 1976 ugonjwa usiojulikana ulizuka katika misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Serikali ilimtuma Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu kijana wa vijidudu aliyekuwa amepata shahada ya uzamivu Leuven, Ubelgiji. Alikuwa miongoni mwa wanasayansi wa kwanza kufika. Aliwatoa wagonjwa damu bila glavu, kwani hazikuwepo, na anasimulia jinsi damu ilivyokataa kuganda pale sindano ilipoingia, ikamwagika mikononi mwake. Alinusurika, na mwenyewe huona kwamba ni bahati. Alimchukua mtawa mmoja Mbelgiji aliyekuwa mgonjwa hadi Kinshasa, na damu ya mtawa huyo ilisafirishwa hadi Antwerp ndani ya chupa ya chai ya kawaida.

Maabara za Antwerp, Porton Down nchini Uingereza na Atlanta nchini Marekani zilikipata kirusi kipya ndani ya sampuli hizo. Kilipewa jina la mto Ebola. Katika mlipuko huo watu 318 waliugua na 280 walifariki. Mwezi Machi 1977 jarida la The Lancet lilichapisha makala tatu zilizoutangazia ulimwengu ugunduzi huo. Jina la Peter Piot, kijana wa maabara ya Antwerp, limo. Jina la Muyembe halimo.

Tuwe waadilifu katika kuhukumu, kwa maana somo la maadili likianza kwa dhuluma linajikana lenyewe. Waliokitenga kirusi maabarani walifanya kazi ya kweli na ya hatari, na Piot mwenyewe alikwenda Yambuku mwaka huohuo. Tatizo ni kipimo kilichotumika. Kazi ya kukiona kirusi kwa hadubini ilihesabiwa kuwa ugunduzi. Kazi ya kuufikia ugonjwa, kuutambua kuwa si wa kawaida na kuipata damu ilihesabiwa kuwa ubebaji wa mzigo. Kwa miongo mingi vitabu vilisimulia habari ya Ebola kana kwamba ilianza pale chupa ilipofunguliwa Ulaya.

Kanuni na mlango wake mwembamba

Mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya makala hizo, wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, wakaanza kuweka kanuni za pamoja. Kundi hilo lilikua likawa Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba. Mwaka 1997 wahariri nchini Uingereza waliunda pia Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, ijulikanayo kwa kifupi COPE, ili washauriane wanapokutana na udanganyifu.

Kanuni za wahariri wa tiba zinasema kwamba mwandishi wa makala ni yule aliyetimiza masharti manne: awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni utafiti, kukusanya data au kuzichambua, awe ameshiriki kuandika au kuhakiki maandishi, awe ameridhia nakala ya mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Ni kanuni nzuri. Zinamzuia mkubwa wa ofisi asipachike jina lake kwenye kazi asiyoijua.

Lakini mlango huu una wembamba wake. Mtu aweza kukusanya damu kwa mwezi mzima katika hospitali ya mashambani, akatimiza sharti la kwanza, kisha asitumiwe rasimu, na hivyo asitimize la pili. Halafu anaambiwa: hukuandika, basi wewe si mwandishi. Kamati yenyewe imeliona jambo hilo, ikasema kwamba aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kutimiza yaliyobaki. Kati ya kusema na kutenda, hata hivyo, kuna umbali. Ndiyo maana mwaka 2022, katika mkutano wa dunia kuhusu uadilifu wa utafiti uliofanyika Cape Town, haki ya watafiti wa nchi maskini ndiyo iliyojadiliwa, na tamko likatolewa kwa jina la mji huo.

Pamoja Tulinde Maisha

Muyembe hakukaa akilalamika. Ebola ilipozuka Kikwit mwaka 1995, yeye na wenzake waliwapa wagonjwa wanane damu ya watu waliopona. Saba walinusurika. Makala ya kazi hiyo ilitoka mwaka 1999 katika Journal of Infectious Diseases, na safari hii majina ya Wakongo yalitangulia. Wataalamu wengi walikuwa na shaka, na walikuwa na haki ya kuwa nayo, kwani wagonjwa walikuwa wachache mno na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Hata hivyo, kutoka katika damu ya mtu aliyenusurika Kikwit watafiti walipata, zaidi ya miaka kumi baadaye, kingamwili iliyoitwa mAb114. Ilipotangazwa katika jarida la Science mwaka 2016, Muyembe na kijana mwenzake wa Kinshasa, Sabue Mulangu, walikuwa miongoni mwa waandishi.

Kisha ukaja mlipuko ule uliotutia hofu hapa Bujumbura, ulioanza Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, ukiwa umewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Katikati ya vita na hofu, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, dawa nne zilijaribiwa kwa wagonjwa 681. Jaribio hilo liliitwa PALM. Mwanafunzi wa Kiswahili, furahi: herufi hizo zinatokana na maneno Pamoja Tulinde Maisha. Lugha unayojifunza ndiyo iliyolipa jina lake jaribio hilo.

Mwezi Agosti 2019 kamati huru ya usalama ilishauri lisimamishwe mapema, kwa kuwa dawa mbili zilikuwa zimeonekana wazi kuzishinda nyingine. Kati ya waliopewa mAb114 walifariki asilimia 35, ilhali kati ya waliopewa dawa iliyotumika kama kipimo walifariki karibu asilimia 50. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa mwaka huo katika The New England Journal of Medicine. Jina la kwanza juu ya makala ni la Sabue Mulangu. Jina la Muyembe limo. Mwaka huohuo Muyembe alieleza uamuzi kwamba sampuli za damu za mlipuko huo zibaki Kongo. Mwenye kutaka kuzichunguza, aje afanye kazi na Wakongo.

Kutoka chupa ya chai ya 1976 hadi makala ya 2019 ni miaka 43.

Orodha ya samaki

Ningeweza kumalizia hapo, lakini ningekuwa nimewanyoshea kidole wengine tu. Miaka michache iliyopita niliwaagiza wanafunzi wangu wakusanye majina ya samaki na zana za uvuvi kutoka kwa wavuvi wa ziwani, kwa Kiswahili na kwa Kirundi. Wengi walileta mukeke, sangala na ndagala, wakaishia hapo. Msichana mmoja alikwenda alfajiri tatu, akaleta kurasa sita, pamoja na maelezo ya kila wavu. Niliipenda orodha ile, nikaisoma mbele ya walimu wenzangu katika semina, nikaiita utafiti wangu mdogo. Sikusema uongo katika neno lolote la orodha. Niliacha jina moja tu.

Hakuna jarida lililonichunguza, wala kamati iliyoniita. Ni yeye aliyekuja baada ya kusikia, akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, ile ya semina ilikuwa yetu?" Alisema yetu, wala si yangu. Wiki iliyofuata niliwaandikia walimu wenzangu, nikawaeleza kazi ilikuwa ya nani, nikamwonyesha barua kabla ya kuituma. Alisahihisha jina la wavu mmoja nililokuwa nimelikosea, kisha akaniomba niwataje pia wavuvi wawili waliomfundisha. Niliwataja.

Ndugu mwanafunzi, kesho utaandika insha, ripoti, pengine tasnifu. Kabla ya kuikabidhi, soma mstari wa juu kabisa, uone kama nao ni kweli.

Maswali ya kutafakari na kujadili darasani

1. Wachuuzi wa aiskrimu wa Tanga walijua jambo hilo kabla ya makala ya mwaka 1969. Je, walistahili kutajwa? Toa hoja mbili kwa kila upande.

2. Eleza tofauti kati ya kurudia jaribio ili kulithibitisha na kulirudia mpaka litoe jibu linalotakiwa.

3. Andika aya moja ukimtetea mtaalamu wa maabara wa mwaka 1977, na nyingine ukimtetea aliyekusanya damu Yambuku. Kisha pendekeza jinsi ambavyo majina yangepangwa.

4. Tafuta kazi moja uliyoifanya pamoja na wenzako. Orodhesha kila aliyechangia na alichokifanya. Nani alisahauliwa mara ya kwanza?